Makala moja, miaka miwili: jarida la fuwele lilivyofika 49.926

Juni 2010, orodha mpya ya vipimo vya majarida ya kisayansi ilipotoka, waliozoea kuisoma walikuta jina geni karibu na kilele. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya jarida la saratani la Marekani, CA: A Cancer Journal for Clinicians. Nafasi ya pili, juu ya New England Journal of Medicine, juu ya Nature na Science, ilikaliwa na Acta Crystallographica Section A, jarida dogo la nadharia ya fuwele ambalo wasomaji wake wote duniani pengine wanafahamiana kwa majina. Mwaka mmoja kabla, kipimo chake cha athari, yaani wastani wa mara ambazo makala zake za karibuni hurejelewa, kilikuwa 2.051. Sasa kilikuwa 49.926.

Nafundisha fizikia ya yabisi, na jarida hili nimelisoma tangu nilipokuwa mwanafunzi. Kisa hiki nakirudia darasani kila mwaka, kwa sababu sijaona kingine kinachoonyesha wazi namna hii jinsi namba inayobandikwa kwenye jarida inavyozaliwa, inavyokua na inavyokufa, huku jarida lenyewe likibaki vilevile.

Tuanze na jarida. Chembe ya chumvi ya jikoni ni fuwele. Sukari ni fuwele. Almasi ni fuwele. Ndani yake atomu zimepangwa kwa safu zinazojirudia, kama vigae vya sakafu. Elimu ya mpangilio huo ilipata nguvu karne ya 20 mwanzoni, ilipogundulika kwamba miale ya eksirei ikipitishwa kwenye fuwele hutawanyika kwa utaratibu unaofichua atomu zilipo. Acta Crystallographica ilianza mwaka 1948 chini ya Umoja wa Kimataifa wa Kristalografia, mhariri wake wa kwanza akiwa P. P. Ewald, mmoja wa waasisi wa nadharia ya difraksheni, yaani ya kutawanyika huko kwa miale. Makala zilipozidi kuwa nyingi, mwaka 1968 jarida likagawanywa. Section B ilichukua miundo ya fuwele na kemia yake. Section A ilipewa fizikia ya fuwele, difraksheni, na nadharia ya jumla. Baadaye zikaja Section C, D, E na F, kila moja na shamba lake: miundo mifupi mifupi, molekuli za viumbe hai, na kadhalika.

Kwa hiyo Section A ndiyo iliyobaki na msingi. Ukiifungua unakutana na hesabu za simetria, makundi ya nafasi, fuwele ambazo mpangilio wake haujirudii, namna elektroni zinavyotawanya mawimbi, na lile tatizo kuu ambalo wenyewe huliita tatizo la fazi. Nalieleza kidogo kwa sababu kisa chetu kinapitia humo. Miale iliyotawanywa na fuwele hutua kwenye kipokezi kama madoa. Ung'avu wa kila doa unapimika. Lakini doa hilo ni wimbi, na wimbi hufika likiwa kwenye kilele chake, au kwenye bonde, au mahali fulani katikati. Hilo, ndilo fazi, kipokezi hakilioni. Bila kulijua huwezi kurudi nyuma ukachora atomu zilipo. Nusu ya habari imepotea njiani, na kazi ya vizazi viwili vya wanafizikia na wanahisabati imekuwa kuirudisha.

Makala za aina hii husomwa polepole. Mtu anaweza kukaa na moja miezi mitatu kabla ya kuandika chochote kinachoitegemea. Kipimo cha 2 kwa jarida la namna hii hakikuwa aibu hata kidogo.

Sasa kipimo chenyewe. Wazo la kufuatilia nani amemrejelea nani lilitangazwa na Eugene Garfield mwaka 1955, na faharasa yake ya marejeleo ya sayansi ikaanza kutoka mwaka 1964. Yeye na wenzake walihitaji njia ya kuamua majarida gani yaingie kwenye faharasa hiyo, kwa sababu kuyaingiza yote kusingewezekana. Kipimo cha athari kilitokana na hitaji hilo la kazi. Hesabu yake ni nyepesi: kwa mwaka 2009, unahesabu mara ngapi makala za jarida zilizotoka mwaka 2007 na 2008 zimerejelewa ndani ya mwaka 2009, kisha unagawa kwa idadi ya makala hizo. Basi. Ni wastani, na dirisha lake ni miaka miwili.

Kila mwalimu wa hisabati wa sekondari anajua ugonjwa wa wastani. Chukua mfano wa kubuni: jarida lina makala 100, kila moja imerejelewa mara 2. Wastani ni 2. Ongeza makala moja tu iliyorejelewa mara 5,000. Jumla inakuwa 5,200 kwa makala 101, na wastani unaruka hadi 51 na ushee. Zile makala 100 hazijaguswa. Hakuna aliyezisoma zaidi wala pungufu.

Hicho ndicho kilichotokea, na makala iliyofanya hivyo inaitwa "A short history of SHELX". Mwandishi ni George Sheldrick, ilitoka Januari 2008, kurasa 112 hadi 122. Kurasa kumi na moja. Ndani ya muda mfupi ilikuwa imerejelewa zaidi ya mara 6,600. Makala iliyoifuata kwa kurejelewa, kati ya zote zilizotoka katika jarida hilo mwaka 2008, ilikuwa na marejeleo 28.

Ni muhimu kujua SHELX ni nini, kwa kuwa wengi wanaosimulia kisa hiki hukimbilia namba na kumsahau mtu na kazi yake. Sheldrick alikuwa mkemia aliyefanya kazi Cambridge na kisha, kuanzia mwaka 1978, Göttingen nchini Ujerumani. Programu yake ya kwanza ya kutafuta muundo wa fuwele ilitolewa kwa watu wengine mwaka 1976, ikaitwa SHELX-76. Iliandikwa kwa Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta, na kusambazwa kwa kadi zilizotobolewa matundu, enzi ambazo programu ilibebwa kwenye boksi. Baadaye ikaja SHELXS ya kutatua fazi, na SHELXL ya kusawazisha muundo, yaani kusogeza atomu kidogo kidogo kwenye modeli hadi hesabu ilingane na madoa yaliyopimwa. Toleo la 1997 lilienea kila mahali. Mkemia aliyetengeneza molekuli mpya, akiotesha fuwele yake na kuipitisha kwenye eksirei, karibu hakika alimalizia na SHELX. Kwa watafiti wa vyuo ilitolewa bure, na hilo si jambo dogo: maabara isiyo na fedha ya leseni ilitumia chombo kilekile kilichotumika kwenye maabara tajiri kuliko zote.

Na kwa miaka hiyo yote, watumiaji walimtaja. Waliandika mwishoni mwa makala zao jina la Sheldrick, jina la programu, Chuo Kikuu cha Göttingen, 1997. Tatizo ni kwamba programu si makala ya jarida. Marejeleo hayo, maelfu kwa maelfu, hayakuwa na jarida la kuyapokea. Yalikuwepo kwenye karatasi lakini katika hesabu ya kipimo cha athari hayakuhesabika popote. Mtu aliyekuwa amebeba kazi ya kila siku ya kemia ya miundo kwa miaka thelathini alionekana kwenye takwimu kama mtu wa kawaida.

Mwaka 2008 akaandika historia ya chombo chake. Makala yenyewe ni ya uungwana sana. Haijisifu. Inaeleza yaliyofanikiwa, kisha inachambua yaliyoshindwa, nafasi zilizopotea na mambo ambayo angetamani kuyarekebisha. Na katika muhtasari wake anasema kwamba makala hiyo inaweza kutumika kama rejeleo la jumla pale mtu anapotumia programu za SHELX. Sentensi moja. Watumiaji waliokuwa wakiandika "Göttingen, 1997" wakaanza kuandika "Acta Cryst. 2008, A64, 112". Mto uliokuwa ukipita chini ya ardhi ukatokeza juu, na ulipotokezea palikuwa uani kwa Section A.

Fuata sasa dirisha la miaka miwili, na utaona kila kitu kikienda kama saa. Kipimo cha 2008 kiliangalia makala za 2006 na 2007, hivyo makala ya Sheldrick haikuwemo: 2.051. Kipimo cha 2009 kiliangalia 2007 na 2008: 49.926. Kipimo cha 2010 kiliangalia 2008 na 2009: 54.333. Kipimo cha 2011 kiliangalia 2009 na 2010, makala ikawa imetoka dirishani: 2.076. Linganisha 2.051 na 2.076. Katikati ya namba hizo mbili jarida lilipanda juu ya Nature na kushuka, na likarudi palepale lilipokuwa, karibu kwa desimali. Sijui jaribio la maabara ambalo lingeweza kupangwa vizuri zaidi ya hili ili kupima kipimo chenyewe.

Swali ambalo wanafunzi huuliza kwanza ni kama kulikuwa na ujanja. Hakukuwa. Majarida yanayopandisha namba kwa hila hufanya hivyo kwa kujirejelea yenyewe, au kwa kupeana marejeleo na jarida rafiki, na wenye orodha huyafungia mengine kila mwaka kwa sababu hiyo. Marejeleo ya SHELX yalitoka nje, kwa watu waliotumia programu kweli, siku ile waliyoitumia. Kumtaja aliyekupa chombo ni adabu ya kazi. Ningesikitika sana kama kisa hiki kingemfanya mtu yeyote aone haya kurejelea programu. Mwaka 2014 Nature ilipoorodhesha makala 100 zilizorejelewa zaidi katika historia, ile ya Sheldrick ilikuwa ya 13, na nyingi za jirani zake katika orodha hiyo ni za aina moja nayo: njia za kupima protini, njia za takwimu, programu. Hivi ndivyo sayansi inavyofanya kazi. Ugunduzi husomwa na wachache kisha huingia vitabuni. Chombo hutumiwa kila asubuhi.

Jambo ambalo namba ya 49.926 ililificha, na ambalo naliona zito kuliko wastani wenyewe, ni hili: marejeleo yale yalitoka shamba lingine. Waliorejelea SHELX walikuwa kwa sehemu kubwa wakemia wa kutengeneza molekuli, waliochapisha katika majarida ya kemia na katika Section C na E. Wengi wao hawakuwa wasomaji wa Section A. Hawakuwa na haja na makundi ya nafasi ya vipimo vinne wala nadharia ya difraksheni ya elektroni. Walipita pale kama mtu anayepita ofisi ya posta kuchukua kifurushi: hakuja kuzungumza na karani. Mtu aliyeiona namba ile akadhani nadharia ya fuwele imekuwa uwanja moto kuliko tiba ya moyo alikosea, na aliyedhani kwamba makala yake ya simetria ikichapishwa humo ingesomwa na maelfu alikosea zaidi.

Mwaka 2012 mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alikuwa na makala tayari, ya simetria ya tabaka nyembamba. Nilimshauri Section A. Baada ya wiki akarudi akiwa amenyong'onyea.

"Mwalimu, shikamoo. Lile jarida limekumbwa na nini? Mwaka juzi lilikuwa hamsini na kitu, sasa limebaki mbili. Naogopa kupeleka."

Nilimwelewa. Alijua kwamba siku moja kamati ingekaa juu ya faili lake, na kwamba katika kamati kama hizo, niliwahi kukaa humo, mtu hufungua orodha, anasoma namba, na kuhamia faili linalofuata bila kufungua makala. Mwenzetu mmoja aliyechapisha humo mwaka 2009 alipongezwa kwa namba ambayo hakuichangia hata kidogo. Na mwingine aliyechapisha 2011, kazi nzuri kuliko ya yule wa kwanza kwa maoni yangu, aliulizwa kwa nini amechagua jarida "linaloporomoka". Ukali wa swali lile bado unaniuma, kwa sababu aliyeulizwa hakuwa na jibu ambalo lingeingia katika dakika mbili alizopewa.

Basi tulikaa mimi na yule kijana, tukafungua tovuti ya jarida, tukasoma yaliyomo ya toleo baada ya toleo. Nilimtaka aache namba na ajibu maswali matatu kwa kalamu: ni makala ngapi humu zinazungumza na yako? Waandishi wake ni kina nani, na wewe umewarejelea wangapi? Na makala ya kawaida humu, ile ya katikati ukizipanga kwa kurejelewa, imepata marejeleo mangapi baada ya miaka mitano? Swali la kwanza lilimchukua mchana mzima. Alipomaliza, karatasi yake ilikuwa imejaa majina ambayo tayari yalikuwa kwenye orodha ya marejeleo ya makala yake mwenyewe. Akapeleka.

Tukiwa katika hilo nilimwonyesha upande wa pili wa kisa, ambao husimuliwa mara chache. Jarida hili, kabla ya kugawanywa, lilichapisha mwaka 1950 makala ya Jerome Karle na Herbert Hauptman. Walionyesha kwamba kwa kuwa wingi wa elektroni mahali popote hauwezi kuwa chini ya sifuri, ung'avu wa madoa unabana fazi. Zile habari zilizopotea hazijapotea kabisa. Watu wengi wa fani hawakuwaamini kwa miaka. Tuzo ya Nobel ya kemia ikaja mwaka 1985, miaka 35 baadaye. Njia zao ndizo zilizomo ndani ya programu za kizazi cha SHELXS. Mwaka 1952 David Sayre alichapisha humo kijimakala kifupi mno kuhusu maana ya nadharia ya Claude Shannon, mwanahisabati wa mawasiliano, kwa difraksheni, na wazo lake likazaa matunda ya majaribio mwaka 1999, kitu kisicho fuwele kilipopigwa picha kwa eksirei bila lenzi. Dirisha la miaka miwili lingeona nini hapo?

Sheldrick naye alirudi. Januari 2015 alitoa makala mbili kwa pamoja, moja ya SHELXT katika Section A na moja ya SHELXL katika Section C, na kwa bahati zote mbili ziko ukurasa wa 3 hadi wa 8. Mambo yakajirudia kwa kiwango kidogo: kufikia kipimo cha 2017 Section A ilikuwa karibu 8, na Section C, jarida la miundo mifupi ambalo halikuwahi kuota namba kama hiyo, ilikuwa zaidi ya 8. Kisha dirisha likasogea.

Ukutani mwa ofisi yangu kuna fotokopi iliyofifia ya jedwali la R. D. Shannon, mtafiti wa DuPont, la mwaka 1976: ukubwa wa ioni, elementi kwa elementi, kwa kila hali ya chaji na idadi ya majirani. Ilitoka Section A, juzuu ya 32. Mtu anayetengeneza betri, kauri au seli za jua za perovskaiti analihitaji, na wanafunzi wangu wote huandika "Shannon, 1976" mwishoni mwa tasnifu zao. Yule kijana aliniuliza marejeleo hayo ya Shannon yanaongeza kiasi gani kwenye kipimo cha jarida mwaka huu. Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Akaangalia mwaka, akaangalia dirisha, akaandika sifuri.